Mambo Matatu Kabla ya Ugali

Mwanangu Bosko,

Nimekaa kwenye gogo kando ya vichanja vya kahawa, daftari juu ya magoti, na fimbo ya kufukuzia kuku iko karibu na mguu wangu. Jua limebaki kidogo. Wewe uko upande wa pili wa nyumba na baba yako. Hamzungumzi, maana ningesikia. Kesho asubuhi mtapanda gari pale Mbinga mjini, mtashuka Kitai kubadilisha, halafu mtateremka mpaka Lituhi, na kutoka hapo mtatembea kwa miguu hadi kwa akina baba yako, ufukweni. Babu amesema sisi wa kusindikiza tutaishia stendi.

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua na ya jino linalolegea nimeshamwambia baba yako. Bibi naye amemwambia, na najua kesho atamwambia tena. Siyaandiki hapa. Hii barua ni ya baadaye. Sasa hivi unasoma kwa kuweka kidole chini ya kila silabi, na mwandiko wangu ni mdogo. Nitamkabidhi baba yako aitunze mpaka utakapoweza kuisoma bila kidole na kuielewa. Wakati huo utakaribia umri wangu wa leo, na labda utashangaa kwamba mtu aliyekuwa anakuita mwanangu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye mambo mengi hakuyajua.

Nianze na linaloniuma. Tangu Jumapili hujacheka. Unakula, unajibu ukiitwa, unachota maji, lakini umenyamaza kama ulivyonyamaza zamani, mama yako alipofariki. Mimi sina uwezo wa kukuzuia usiende, na sina uwezo wa kwenda na wewe. Kitu kimoja tu nilichokitaka ni kwamba uondoke hapa moyo wako ukiwa na furaha. Nimekaa hapa tangu mchana nikitafuta namna ya kukupa hiyo furaha, na sijaipata.

Mama yako Leokadia alikuwa dada yangu, sisi wawili tu tuliozaliwa na Bibi. Aliugua wakati wa kuchuma kahawa, na kahawa haikuwa imekauka bado tulipomzika. Ulikuwa mdogo, unavaa shati ukiingiza kichwa kwenye mkono. Baba yako alikuwa mbali upande wa Msumbiji, akivua kwenye mitumbwi ya watu wengine. Kwetu mdogo wake mama ni mama. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba sasa nina mtoto. Jioni ya mazishi ulikuja ukalala upande wangu wa mkeka, Bibi akatufunika wote wawili, mambo yakaisha hapo. Mimi nilikuwa bado namalizia shule ya msingi.

Bibi na Babu ndio waliokulisha na kukuvisha. Kwangu mimi yalikuja yale mengine: kukuamsha, kukuogesha, kukaa na wewe usiku ukiota vibaya, kujibu maswali. Na mimi, kama utakavyokuwa umeambiwa, si mtu wa maneno. Dukani naongea kwa sauti ndogo mpaka muuzaji ananiuliza mara mbili. Darasani mwalimu akiniita nisimame, najibu nikiangalia dawati. Nilichokuwa nakijua ni kusoma tu. Kwa hiyo nilipoona mtoto wangu hacheki, sikumuuliza mtu. Nilienda maktaba.

Maktaba ya shule yetu ni chumba kimoja chenye kabati mbili, na katika kabati ya pili kulikuwa na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata leo sijui kinaitwaje. Kilikuwa kinazungumzia furaha. Mimi nilidhani furaha ni mambo ya padre na ya waimbaji. Kumbe wapo wanasayansi wanaoichunguza kama sisi tunavyochunguza jani la maharage kwenye somo la Baiolojia. Nilikisoma nimesimama, kengele ikalia, nikaendelea kusimama. Kilisema mwili wenyewe una vitu unavyotengeneza, ambavyo mtu akitembea, akipata jua, akikumbatiwa, vinaongezeka na moyo unakuwa mwepesi. Kilisema kuwa na watu kunamfurahisha mtu kuliko kuwa na vitu. Na kilisema kwamba mtu akikaa kila jioni akataja mambo mazuri matatu ya siku ile, hata kama ni madogo, taratibu macho yake yanajifunza kuyaona.

Nilitoka pale nikitembea haraka. Nilijiona kama mtu aliyepewa dawa.

Ukumbuke sasa, kama unakumbuka, ile sheria yangu. Bibi akishaweka ugali mezani, kabla hujanawa, mimi nasema, "Taja matatu mazuri ya leo." Siku ya kwanza uliniangalia sana. Halafu ukasema, "Jua. Maji. Mama Mdogo." Nilifurahi nikakupa kipande kikubwa cha samaki. Siku ya pili ukasema, "Maji. Jua. Mama Mdogo." Siku ya tatu ukarudi kwenye jua. Babu akasema huyu mtoto anasali litania. Bibi akasema, "Mwache ale. Ugali hausubiri sayansi." Mimi sikuacha. Nilidhani watu wazima hawaelewi kwa sababu hawajasoma kile kitabu.

Kuna jioni ulirudi kutoka shule wenzako wamekunyang'anya mpira wako wa matambara na kuutupa chooni. Nilipouliza yale matatu ulisema leo hakuna. Nikasema fikiri. Ukakaa. Mvuke wa ugali ukaisha. Bibi akaguna lakini hakuniingilia, maana yeye ndiye aliyetufunika pamoja jioni ile ya mazishi. Nikarudia, fikiri, hata kadogo. Mwisho ukasema, "Ugali umepoa. Hilo ni moja."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Ulikuwa unanihesabia kweli, ukitafuta namna ya kufika kwenye chakula.

Hilo peke yake lingetosha kunifundisha, lakini halikunifundisha. Kilichonifundisha ni mashimo.

Huko unakokwenda ardhi ni tambarare na mchanga, kwa hiyo ukiwa mkubwa huenda utakuwa umesahau shamba letu lilivyo. Milima yetu ni mikali na mvua ni nyingi, ndiyo maana Wamatengo tangu zamani tunalima ngolo. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima unakuwa na miraba. Katikati ya kila mraba unachimba, udongo unaumwaga juu ya zile nyasi. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, maharage yanapandwa juu ya matuta, na mvua ikinyesha kila shimo linashika maji yake. Udongo haukimbii mtoni. Hapa kwetu mtu anaweza kusamehewa upesi zaidi kulewa Ijumaa Kuu kuliko kutoboa tuta la ngolo.

Wewe ulitoboa. Ilikuwa ule mwezi wa Machi, Bibi amemaliza kupanda, na mashimo yalikuwa na maji ya mvua ya jana yake. Ulichukua magamba ya mgomba ukatengeneza mitumbwi. Shimo moja lilikuwa dogo kwa mtumbwi, unafika upande wa pili kabla hujahesabu tatu. Kwa hiyo ukachukua jembe lililovunjika mpini, ukakata tuta, maji ya shimo la juu yakaingia la chini, na mtumbwi nao ukaingia. Ukakata la pili. Ukateremka mlima mzima ukikata, mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye migomba mpaka mtoni. Mchana mvua ikanyesha. Maji yakafuata njia uliyoyapa, yakakusanyika, yakabeba matuta na mbegu.

Nilitoka shule nikakuta Babu amesimama juu ya shamba, kofia mkononi, kama mtu aliye kwenye kaburi. Jirani aliyekuwa anapita aliuliza ni mlevi gani amelima vile. Nikateremka kukutafuta. Nilikukuta chini kabisa, miguu imezama kwenye matope, nguo zimelowa zimekushika mwilini, na unacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka namna ile tangu ulipokuwa na mama yako. Ulikuwa unacheka mpaka huwezi kusimama vizuri. Ukaninyooshea kidole kwenye maji ukasema, "Umefika mtoni. Mama Mdogo, umefika wenyewe."

Mimi nikakushika sikio nikakupandisha nalo mpaka nyumbani.

Jioni ile, ukiwa umeoga, macho mekundu, nikauliza yale mambo matatu. Bosko, nataka ujue kwamba niliuliza. Nawe ukasema, "Jua. Maji. Mama Mdogo." Siku hiyo jua halikuwa limetoka kabisa. Tangu asubuhi kulikuwa na ukungu, halafu mvua. Na mimi nikasema vizuri, nawa mikono.

Niligundua baadaye, nikiosha vyombo. Mtoto wangu alikuwa amepata siku ya furaha ambayo kile kitabu chote kiliandikwa kwa ajili yake, na mimi niliivuta kwa sikio, halafu nikapokea uongo mahali pake kwa sababu uongo ulikuwa umepangwa vizuri. Sikuuliza tena yale matatu tangu siku ile. Wewe nawe hukuuliza kwa nini nimeacha.

Nilimwomba Babu akuachie shimo moja la chini, lisipandwe kitu, liwe la kuchezea. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumwomba. Babu akasema shamba si uwanja. Nikasema ndiyo. Hivyo ndivyo mambo yangu mengi yanavyoishia, Bosko. Nasoma, naelewa, naomba kwa sauti ndogo, halafu nasema ndiyo.

Nilichobaki nacho ni kuangalia. Sikuwa na njia nyingine, na sikiiti hekima. Nilikaa hapa hapa kwenye gogo nikakuangalia kama ninavyoangalia kuku. Nikaona kwamba kila asubuhi, kabla ya kuvaa sweta, unaingiza pua ndani yake unanusa. Nikaona kwamba unapenda kupindua kahawa kwa mikono yote miwili ili usikie inavyolia kama mvua ndogo, na kwamba unatafuta sehemu ya chini iliyoshika joto unaacha vidole vyako pale. Ukimsikia Babu anavuta pumzi kutaka kupiga chafya, unaacha kila kitu unasubiri, na chafya ikigoma unasikitika kuliko yeye. Viazi vitamu unaanza kula ncha mbili, kiini unakihifadhi. Siku za ukungu unakwenda mbele yangu njiani mpaka nisikuone, halafu unaita jina lako mwenyewe.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ulichowahi kukitaja kabla ya ugali. Na kama ningekuambia utaje, nadhani kingeharibika. Sijui kama wanasayansi wanakubali. Labda kosa halikuwa la kitabu, labda kosa lilikuwa kwamba nilitaka ushahidi. Nilitaka kuona kila jioni kwamba nimefaulu kuwa mama.

Ukija kuwa na mtu wa kumtunza, mke, mtoto, hata mdogo wako wa huko ziwani, ukatamani sana afurahi, kaa karibu kwanza, usiulize. Zaidi ya hapo sijui la kukwambia.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Baba yako alikuja Jumamosi na kikapu cha usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokauka. Nilimkuta uani amekaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti ni cha mtu mwingine. Alimwamkia Bibi, "Shikamoo mama," akainama sana. Ni mtu mpole, Bosko. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sikupata pa kuanzia. Alisema amejenga, ameoa, ana mtumbwi wake mwenyewe, na anaomba mtoto wake aanze muhula ujao shule ya kule. Hakudai, aliomba. Lakini sote tulijua kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba, na magoti ya Bibi hayapandi tena mlima, na mwakani mimi naingia kidato cha nne na shule inataka tuhamie bweni. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Ningependa hata moja ingekuwa ya uongo.

Jumapili baada ya misa Babu akaitisha sengu. Siku hizi nyumba nyingi wameacha, lakini Babu bado anashikilia. Ndugu wa kiume wa ukoo wanakula pamoja kwa mzee, vyakula vinatoka kila jiko, na neno zito halisemwi mpaka watu washibe. Wewe ulikaa kati ya Babu na baba yako. Mimi ndiye niliyekuwa nanawisha mikono, ndiyo maana nilikuwa mle ndani.

Walianza na utani, unawajua. Babu Mdogo Alto alimwambia baba yako kwamba mtoto huyu ni wa baridi, huko kwenu atayeyuka kama mafuta ya nguruwe. Baba yako akasema atazoea, mzee wangu, na nyinyi mngeteremka mara moja moja mkaoge, huku juu naona watu wanaogopa maji. Wakacheka wote. Kisha baba yako akakuambia habari ya kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani wengi mpaka unadhani ziwa linawaka moshi, na kwamba watu wanawakamata na vikapu wakiwazungusha hewani, wanawapika, wanakula. Nilikuona umeacha mdomo wazi. Ukauliza kama mtu anaweza kuingia ndani ya moshi ule akasimama. Akasema unaweza, ila ufunge mdomo.

Wakashiba. Nikaanza kunawisha. Babu akakuuliza mbele ya wote, taratibu, kwamba baba yako amekuja kukuchukua, wewe mwenyewe unasemaje.

Nikuambie ukweli. Nilikuwa nimeomba usiku na wakati wa misa kwamba useme hapana. Nilijua halitabadilisha kitu, wangekupeleka tu. Nilitaka tu kulisikia.

Ukasema, "Nataka."

Hukusita. Jagi liliniponyoka kidogo, maji yakamwagikia Babu Mdogo Alto magotini. Akasema, "Binti, mimi nilishabatizwa." Watu wakacheka, na katika kicheko hicho ukageuka ukaniangalia. Ulikuwa na tabasamu, Bosko, nililiona. Halafu uliona uso wangu, na tabasamu likaondoka. Halijarudi mpaka leo.

Siku hizi zote nimekuwa nikijiuliza kwa nini ulisema unataka. Nikakumbuka ile siku ya soko. Unaikumbuka? Tulikuwa tunanunua sabuni, wasichana wa darasa langu wakapita, ukaniita kwa sauti, "Mama, mama, njoo uone," bila kuongeza Mdogo. Wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Eufrasia, kumbe kimya chote kile una mtoto nyumbani." Mtu mwingine angewajibu. Mimi nilikuvuta pembeni nikakuambia mbele za watu uniite dada. Hukubisha. Lakini njia nzima ya kurudi hukuniita kwa jina lolote. Uliponitaka nisimame nikusubiri, ulikuja ukanigusa kiwiko.

Nikafikiri, labda hilo ndilo alilolibeba moyoni. Labda amesema nataka kwa sababu nilishamwambia, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba si wangu. Na kimya chake cha wiki hii ni huzuni ya mtoto anayefukuzwa. Ndiyo maana nilichukua daftari. Nilitaka kukuandikia kwamba hufukuzwi. Kwamba nakupenda kuliko vitabu vyote vya ile kabati. Kwamba wale wasichana wangecheka leo ningewaambia ndiyo, ni wangu, mnaona alivyo.

Nikarudi pia kwenye kile kitabu. Nilikiazima kabla ya likizo. Nimekipitia chote nikitafuta ukurasa unaosema mtu afanye nini siku mtoto wake anapoondoka. Haupo. Labda ulikuwa kwenye zile kurasa za mwanzo zilizochanika. Kuna sehemu inayosema kwamba moyo wa binadamu huzoea. Ukipata kitu kizuri unakizoea, unarudi ulivyokuwa. Ukipata pigo, mara nyingi nalo unalizoea, unarudi. Mwandishi anaiandika kama habari njema. Kwako wewe naipokea, nataka uzoee haraka, joto, samaki kila siku, lugha yao ya Kinyasa, mama mpya. Uwe mtu wa pale kabisa. Kwangu mimi siitaki. Sitaki ifike siku naamka upande ule wa mkeka uko wazi na mimi sioni tofauti. Lakini itafika. Nimesoma.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye kuandika ulipokuja.

Nimeacha nafasi ya mstari ili ujue kwamba kuanzia hapa naandika baada ya kuongea na wewe.

Ulikuja ukazunguka kichanja, ukasimama kule mwisho, ukawa unaokota punje mbovu. Nikafunika daftari. Ukauliza kama nina kazi ya shule. Nikasema ndiyo. Ukaokota nyingine. Kisha ukauliza, bila kuinua kichwa, kama nimekukasirikia.

Nikasema hapana.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Nilidhani sasa utasema la soko. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshapanga maneno. Ukasema, "Mama Mdogo, kule kuna ziwa lenyewe. Halina mwisho. Baba anasema nitapanda mtumbwi."

Nikasema najua.

"Mimi nataka kwenda." Ukaniangalia haraka ukarudi kwenye kahawa. "Lakini nikifurahi, wewe unaumia. Nilikuona na jagi."

Wiki nzima nimekuwa natafuta namna ya kukupa furaha, na kumbe unayo. Umeificha tumboni tangu Jumapili, umetembea nayo kimya, unakula nayo, unalala nayo, kwa ajili yangu. Ulivyokuwa unafanya jioni zile kwa maneno, jua, maji, mama mdogo, safari hii umefanya kwa uso wako wote. Tena safari hii sikuwa nimekuuliza.

Kitu rahisi kilikuwa kukuambia siumii. Mtu mzima angesema hivyo. Nilifungua mdomo kusema hivyo, na nikaona ungejua ni uongo, halafu ungeendelea kujificha, huko ziwani pia, kila ukicheka ungefikiria uso wangu. Kwa hiyo nilisema nilichokuwa nacho.

Nikasema, "Naumia. Ukifurahi nitaumia. Usipofurahi nitaumia zaidi. Sina namna ya kutoumia, basi wewe furahi tu."

Ukafikiri. Ulikuwa na sura ile ya kufanya hesabu za kutoa kwa kukopa. Ukauliza, "Utaumia mpaka lini?"

"Sijui."

"Mpaka mtihani?"

"Labda mpaka mtihani."

Ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubaliana na bei. Kisha ukaja upande wangu, ukasimama karibu mpaka nikahisi joto la mkono wako, hukunikumbatia, wewe hukumbatii. Ukasimama tu. Halafu ukaondoka ukitembea, ulipofika kona ya nyumba ukaanza kukimbia.

Nimekusikia ukimwita baba yako. Nimekusikia ukimuuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia wiki hii, kama mtumbwi unaweza kupinduka, na yeye akisema unaweza, na wewe ukiuliza mtu akipinduka anafanyaje. Sikusikia alichojibu, lakini wewe umecheka. Umecheka sana. Bibi ametoka jikoni kuangalia kuna nini.

Inauma, mwanangu, kama nilivyokuambia. Usinyamaze.

Mama yako mdogo,
Eufrasia